Vielelezo vya kufundishia watoto habari za Waazteki

Swali

Walimu wenzangu, salaam. Muhula ujao nitawafundisha wanafunzi wa miaka 9 hadi 11 habari za Waazteki, watu waliotawala sehemu ya Mexico ya leo kabla ya kuja kwa Wahispania. Tangu nianze kuandaa somo nimepata vitu vya aina mbili tu: michoro ya kupaka rangi isiyoeleza lolote, na masimulizi ya kafara za binadamu yanayomtisha hata mtu mzima. Ningependa watoto waone kwamba hawa walikuwa watu waliojenga mji, wakalima, wakalea watoto na kuhesabu siku. Je, mwalimu asiyejua Kihispania atumie vielelezo gani vya kuaminika, visivyo na gharama?

Jibu la kwanza

Mwalimu, anza na Codex Mendoza, kitabu kilichochorwa na wasanii wenyeji mjini Mexico miaka ya 1540 hivi, ambacho sasa kimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, na picha zake zinapatikana bure mtandaoni. Tafuta kurasa zinazoonyesha malezi ya watoto kuanzia miaka 3 hadi 14. Umri umeandikwa kwa nukta, na kando ya kila mtoto imechorwa tortila, yaani mkate bapa wa mahindi, kuonyesha kiasi anachostahili kula: nusu kwa mwenye miaka 3, mkate mmoja kwa mwenye miaka 4, miwili kwa mwenye miaka 13. Wanafunzi wangu walipogundua kwamba wanaweza kusoma ukurasa huo wenyewe, kabla sijasema neno, darasa zima lilisogea mezani. Pitia picha kwanza, kwa kuwa baadhi zinaonyesha adhabu kali, kama mtoto kushikwa juu ya moshi wa pilipili.

Kitabu hicho hicho kinafaa kwa hisabati. Waazteki walihesabu kwa makundi ya ishirini: bendera ni 20, alama inayofanana na unyoya ni 400, na mfuko ni 8,000. Wape watoto kurasa zinazoonyesha kodi waliyolipwa Waazteki, wahesabu mablanketi yaliyochorwa humo.

Jibu la pili

Naongeza chinampa, mashamba yaliyojengwa ziwani kwa matope na majani yaliyorundikwa, yaliyousaidia mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, kujilisha. Sinia, udongo na maji vinatosha kutengeneza mfano wake. Waeleze pia kwamba chinampa zingali zinalimwa Xochimilco, kusini mwa jiji la Mexico, na kwamba Kinahuatl, lugha ya Waazteki, kingali kinazungumzwa na zaidi ya watu milioni 1; watoto wengi hudhani kila kitu kilikwisha mwaka 1521, mji ulipoanguka mikononi mwa Mhispania Hernán Cortés na washirika wake wenyeji.

Jibu la tatu

Nakubaliana na wenzangu, ila nisingeshauri kafara zifichwe kabisa, kwa sababu mtoto atazikuta kwingine zikiwa zimetiwa chumvi. Sentensi mbili tulivu, zinazoeleza kwamba waliamini jua na mvua vilihitaji kulipwa kwa damu, zinatosha umri huo. Kisha fungua Codex ya Florence, aliyoisimamia mtawa Bernardino de Sahagún pamoja na wasomi wenyeji waliozungumza Kinahuatl: taasisi ya sanaa ya Getty, Marekani, iliiweka mtandaoni mwaka 2023, ikiwa na tafsiri ya Kiingereza. Kitabu chake cha kumi na moja kimejaa wanyama na mimea, nacho ndicho ningekifungua siku ya kwanza.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nitaanza na tortila na nukta.