MJADALA: Mwanariadha akianza kuyumba kwa joto, nani wa kumwambia basi?

Mwanzisha mada

Habari za leo wakuu. Hoja hii imetugawa vibaya kwenye kundi letu la baiskeli na kuogelea hapa Dar, wengine hata salamu wamekata. Naileta kwenu.

Oktoba 2025, Kailua-Kona, Hawaii, mashindano ya dunia ya Ironman kwa wanawake. Kwa wasioijua: unaogelea baharini kilomita 3.8, unapanda baiskeli kilomita 180 katikati ya mawe meusi ya volkano yanayokurudishia joto usoni, kisha unakimbia marathoni nzima, kilomita 42.2. Yote siku moja. Lucy Charles-Barclay wa Uingereza alikuwa mbele, mbioni akaanza kuishiwa. Mumewe akamsemesha kando ya barabara, akajitoa. Taylor Knibb wa Marekani akashika uongozi, akaenda nao hadi zikabaki kilomita chache, akaketi chini kwenye lami, habari ikaishia hapo. Aliyekata utepe ni Solveig Løvseth wa Norway.

Sibishanii nani alikuwa bora. Nauliza hivi: anayeyumba kwa joto aachiwe aamue mwenyewe, au daktari wa mbio amtoe hata akilia na kupiga mateke?

Mimi nasema atolewe. Joto la ndani ya mwili likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto. Sasa unamwuliza kama anaweza kuendelea, na kinachokujibu ni ubongo uleule uliochemka. Jibu lake lina thamani gani? Kanuni za Ironman tayari zinawapa madaktari mamlaka ya kumtoa mtu. Kinachokosekana ni ujasiri wa kuyatumia kamera zikiwa zimewaka. Ironman ya Frankfurt, Ujerumani, mwaka 2019, siku ambayo joto la hewa lilikaribia nyuzi 40, Sarah True wa Marekani alikuwa anaongoza, akapepesuka barabarani watu wote wakimtazama, na akaanguka kiasi cha kilomita moja kabla ya mwisho. Waliokuwa wanamtazama walikuwa wanasubiri nini?

Mzee wa Bandarini

Kijana, nakuheshimu, lakini wewe unataka kuua mchezo. Ironman ilianza 1978 Honolulu na watu 15, wakamaliza 12. Nani aliijua? Walioijua walikuwa wao wenyewe na wake zao. Kilichoitangaza duniani ni msichana mmoja, Julie Moss, aliyeingia Februari 1982 kwa ajili ya utafiti wake wa chuo. Alikuwa anaongoza, miguu ikakatika karibu na mwisho, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita pale pale mlangoni. Julie akamalizia kwa kutambaa, nyuma kwa sekunde 29. Televisheni ikarusha picha ile, na maelfu wakasema nami nataka. Daktari wako angekuwepo siku ile akambeba, leo tusingekuwa na mjadala huu kwa sababu mchezo wenyewe usingekuwepo.

Kutambaa kwenyewe hadi leo Ironman inakuruhusu. Ni World Triathlon, chama cha dunia cha mchezo huu wa kuogelea, baiskeli na kukimbia, kinachokukataza.

Halafu Los Angeles 1984, marathoni ya Olimpiki ya wanawake. Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani amepinda upande mmoja, mguu anauburura. Mzunguko wa mwisho ulimchukua zaidi ya dakika tano. Madaktari walitembea kando yake, wakaona bado anatoka jasho, wakamwacha. Akamaliza wa 37. Baada ya saa mbili hivi akaruhusiwa kutoka kwenye matibabu. Hao nao walikuwa wajinga? Mtu mzima amejisajili, amelipa, amesaini. Mwacheni na mwili wake.

Nesi wa Pwani

Shikamoo mzee wangu. Mfano wako wa 1984 unanisaidia mimi kuliko wewe. Yule mama alikuwa na madaktari hatua mbili kutoka mwilini mwake, wanamtazama. Waliamua wao. Uamuzi ulikuwa "aendelee", sawa, lakini ulikuwa wao.

Ila kipimo walichotumia leo nisingekiamini. Kiharusi cha joto cha mtu anayekimbia hakingoji ngozi ikauke. Wengi tunawapokea wamelowa jasho chapachapa na ndani wanaungua. Na usinipimie kwapani wala kwenye paji la uso, mtu amejimwagia maji njia nzima, ngozi itakudanganya. Kipimo cha kuaminika kinaingia njia ya haja kubwa. Nyamazeni kidogo msicheke. Hapo ndipo kazi ilipo kwetu, kwa sababu turubai la huduma ya kwanza nimeliona mimi, halina hata pazia, na wapambe wamesimama na simu. Nani atavuliwa pale?

Tiba ni kumtumbukiza kwenye maji ya barafu hadi shingoni, hapo hapo, kabla ya kufikiria gari la wagonjwa. Poza kwanza, safirisha baadaye. Kuna mbio za Falmouth, Massachusetts, zinakimbiwa Agosti. Kwa miaka 18 walipokea visa 274 vya kiharusi cha joto, wakawatia kwenye maji ya barafu, na wote walipona. Wote. Kwa hiyo ninapoulizwa kama daktari awe na amri ya kumtoa mtu, nami nauliza: anamtoa kumpeleka wapi? Kama hakuna beseni kubwa na barafu, mmemtoa barabarani ili afie kivulini.

Na wale wa "mpeni maji, mpeni maji": aliyeyumba si lazima awe na kiu. Mbio za saa nyingi zina watu wanaokunywa maji matupu mpaka chumvi ya damu inashuka, nao wanachanganyikiwa vilevile. Ukimwongezea lita nyingine unamalizia kazi.

Mkimbia Jua

Hili tatizo ni la wazungu jamani. Doha 2019, marathoni ya dunia ya wanawake ilianza karibu saa sita usiku kukwepa jua, bado joto lilikuwa nyuzi 30 na kitu na unyevu wa kufa mtu. Walianza 68, wakaachia njiani 28. Nani alishinda? Ruth Chepngetich wa Kenya. Marathoni ya Olimpiki, Sapporo 2021, Wakenya tena: Peres Jepchirchir dhahabu, Brigid Kosgei fedha. Marathoni ya dunia, Tokyo Septemba 2025, Jepchirchir tena, na kesho yake upande wa wanaume Simbu wetu wa Tanzania. Sisi joto ni letu.

Bi. Nyali

Kaka, Chepngetich umemtaja, hukutaja kwamba 2025 alifungiwa miaka mitatu kwa dawa. Ushindi wa Doha haukuguswa, lakini usimbebe kama bendera.

Tena hao wakimbiaji wetu wengi hawalali Mombasa. Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, uko mita 2,400 juu, asubuhi watu wanavaa sweta. Hata mashindano ya Ironman yaliyo karibu nasi, ile ya nusu umbali inayofanyika Rubavu nchini Rwanda tangu 2022, yako ufukweni mwa Ziwa Kivu karibu mita 1,460, si joto la Kisauni. Na aliyeshinda Kona katoka Norway! Mwili hujifunza joto kwa mazoezi ya siku kumi hadi kumi na nne: unaanza kutoa jasho mapema, majimaji ya damu yanaongezeka. Cheti cha kuzaliwa hakihusiki. Mtu anayeshinda kwenye kiyoyozi ofisini, gari lina kiyoyozi, chumbani kiyoyozi, akija Jumapili kukimbia Bamburi ni mgeni kama mgeni mwingine.

Mimi nina jambo jingine, na nashangaa halijasemwa. Nyote mnawazungumzia wanaoongoza. Anayeongoza ana pikipiki ya kamera mbele, mwamuzi nyuma, mume kando. Kona mtu ana saa 17 za kumaliza. Yule wa saa ya kumi na tano, mwalimu au mhasibu aliyejilipia nauli, yuko gizani barabarani peke yake na taa ya kifuani. Akichanganyikiwa yeye, nani anamwona? Hiyo amri ya daktari inafanya kazi pale tu daktari alipo. Wa mwisho ndiye aliyekaa joto muda mrefu kuliko wote, na ndiye mnayemsahau.

Mwandaaji

Nasoma kimya, niseme kidogo. Mimi huandaa mbio za kawaida tu, lakini suala ni hilo hilo. Daktari ninaye, mamlaka anayo kwenye karatasi. Lakini nimeshuhudia mbio zilizopangwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi zikaanza saa mbili kasoro kwa sababu mgeni rasmi hajafika, halafu hotuba, halafu picha. Watu wamesimama juani na namba vifuani. Marathoni za dunia za Tokyo zilianzishwa nusu saa mapema kwa ajili ya joto, sisi tunazichelewesha kwa ajili ya msafara. Mnabishana daktari amtoe nani kilomita ya 30, na mimi sina mtu wa kunisaidia kumwambia mheshimiwa atatukuta njiani.

Mwanzisha mada

Mwandaaji, hapo umegusa penyewe. Na Bi. Nyali, wa mwisho sikumfikiria kabisa.

Basi naipunguza hoja yangu. Kila anayejisajili aandike kabla ya mbio, akili ikiwa imepoa, nani ana ruhusa ya kumsimamisha. Na kila kituo cha maji, hadi cha mwisho usiku, kiwe na mtu mmoja wa kumwuliza kila anayeyumba maswali matatu: jina lako, uko kilomita ya ngapi, unaelekea wapi. Akikosea mawili, anakaa na anapozwa. Kinachomtoa hapo ni sahihi aliyoiweka mwenyewe jana yake, si daktari. Mzee, si ulisema mtu mzima amesaini?

Mzee wa Bandarini

Umenibana kijanja. Lakini aliyeandikwa kwenye fomu atakuwa nani? Kocha anayengoja asilimia ya zawadi? Huyo hatasimamisha mtu. Mke? Huyo atakusimamisha kilomita ya tano. Na hilo swali lako la kilomita ya ngapi, hata mimi niliyelala nyumbani ningelikosea.

Nesi wa Pwani

Mzee, kilomita tutakusamehe. Jina lako ukilikosea, unaingia kwenye beseni.