Uzi: "Msimu wa baridi" wa ndege wa majini hapa Nairobi ni lini hasa, na nianzie bwawa gani?

Mgeni_SouthB
Wadau, naomba mnisaidie. Mwongozo nilio nao umeandikwa Uingereza. Unasema ndege wa ziwani na vidimbwini watazamwe majira ya baridi, maji yakianza kuganda kingoni. Baridi yetu ni Juni hadi Agosti, lakini orodha ninazoziona za mabwawa ya hapa zimejaa bata na vitwitwi (wale ndege wadogo wa topeni) Januari, jua likiwaka. Nishike lipi?

Nina darubini ya 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya milimita 42), sina gari, na siku yangu ni Jumamosi. Nataka kujua bwawa linalofikika kwa matatu, na namna ya kuwatenga wale wadogo wa rangi ya udongo wanaokimbia topeni, maana kitabuni wote ni sura moja. Nia yangu ni kuingia kwenye hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari bila kuwa mzigo kwa wenzangu.

Tope_Tupu
Karibu. Hiyo baridi ni ya kwao. Tope la Ulaya na Siberia likiganda, mdomo hauingii na wadudu hawapatikani, basi ndege anashuka huku. Kwa hiyo msimu wa baridi wa kitabu chako, kwetu ni mwezi wa tisa hadi wa nne. Vitwitwi wa kwanza huonekana Agosti, na hao huwa ni wakubwa waliokwisha kuzaa. Watoto wa mwaka huo hufuata nyuma. Septemba hadi Novemba wengi wapo njiani kuelekea kusini zaidi. Desemba hadi Februari unaona waliotulia. Machi na Aprili wanarudi, wengine wameshaanza kuvaa rangi za kuzalia. Julai unabaki na wenyeji pamoja na wageni wachache, hasa wachanga ambao hawakurudi kwao mwaka huo.

Ila usiishie kwenye kalenda. Kinachoamua ni kimo cha maji. Mvua za vuli zikijaza bwawa mpaka kwenye nyasi, hakuna tope, na vitwitwi wanatawanyika kwenye madimbwi ya mashambani na mashimo ya machimbo ya mawe. Mtu anafika Novemba, anakuta maji matupu, anasema ndege wamekwisha. Wapo, hawana pa kusimama tu. Januari na Februari maji yanashuka, ukanda wa tope bichi unajitokeza, na hapo wanajipanga. Kitwitwi mdogo kabisa, Calidris minuta, ana urefu wa sentimita 13 hivi. Anataka tope lililolowa au maji ya kidole kimoja. Himantopus himantopus, yule mweusi na mweupe mwenye miguu mirefu ya waridi, huingia hadi tumboni. Bata wanaopinduka mkia juu hawataki kina kinachozidi nusu mita. Ukiona ukingo wa bwawa unashuka kwa mwinamo mkali, jua vitwitwi watakuwa wachache hata maji yakipungua.

Kangundo_Road
Nitajibu la mabwawa. Bora kuliko yote kwa ndege wageni ni yale ya maji taka ya Ruai, ambayo watazamaji huyaita Dandora. Yamo kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege ya Kenya. Matatu za Kangundo Road zinakufikisha Ruai, lakini kibali cha kampuni ya maji ya jiji uwe nacho mapema, usitegemee kubembeleza mlinzi getini. Wala usiende peke yako.

Ukishaingia, usipoteze asubuhi kwenye mabwawa ya mwanzo. Maji hupita bwawa hadi bwawa. Yale ya kwanza ni mazito, hayana hewa, yananuka, na ndege wake ni wa kuokota nzi ukingoni. Ya mwisho yana maji mepesi yenye mwani na vijidudu, na ndiyo ya bata. Yule mwenye mdomo mpana kama mwiko, Spatula clypeata, huchuja vijidudu hivyo kwa meno membamba kama ya kitana yaliyo pembeni mwa mdomo, ndiyo maana utamwona ameinamisha kichwa anazunguka majini kama anapiga deki. Vaa viatu vilivyofungwa, usile ukiwa ndani, nawa kwa sabuni ukitoka. Kingo za saruji zina utelezi wa mwani, tembea juu ya tuta. Beba maji lita mbili na kofia, kivuli hakuna. Na waulize wafanyakazi kuhusu viboko kabla hujasogelea matete.

Kama kibali kinachelewa, anza na Manguo, Limuru. Panda matatu za Limuru. Eneo lenyewe liko kando ya barabara kuu ya Nakuru. Kule ni juu, zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo beba koti hata Januari, na usiitoe darubini kwenye mfuko wenye joto dakika ileile ya kutazama, itapata ukungu. Kimo cha Manguo hufuata mvua, hivyo tope lake halitabiriki.

Nairobi Dam usiende kwa ajili ya haya. Gugumaji limeufunika uso wa maji.

MamaKibisi
Kangundo, naona umemrusha mtu wa darasa la kwanza kwenye mtihani wa mwisho. Mgeni, Jumamosi mbili za kwanza nenda Karura, kwenye lile ziwa dogo la yungiyungi. Vitwitwi hupati kwa kuwa tope hakuna, lakini utajifunza wenyeji kwa karibu: kibisi anavyozama na kuibukia mahali pengine, kukuziwa anavyotikisa kichwa akiogelea, mdiria anavyosimama juu ya tawi moja kila anaporudi. Bila hao kichwani, kila ndege utamwita mgeni kutoka Siberia.

Sasa wale wa rangi ya udongo. Kwanza jina. "Kitwitwi" linabeba ndege chungu nzima, kwa hiyo kwenye daftari andika jina la kisayansi. Hapa Nairobi anza na watatu tu.

Actitis hypoleucos hutikisa kiuno chake juu na chini bila kupumzika, hata akiwa amesimama. Mtazame begani: weupe wa tumbo unapanda kama kabari kati ya kifua na bawa. Akiruka huenda chini kabisa juu ya maji, mabawa yamekakamaa, anapiga mapigo mafupi kisha anateleza.

Tringa glareola ndiye utakayemwona zaidi kwenye nyasi zilizolowa na kingo za tope. Mgongo umejaa madoa meupe kama aliyenyunyiziwa unga, unyusi mweupe unapita nyuma ya jicho, miguu ni manjano-kijani. Akishtuka hupanda juu akilia chif-if-if, haraka haraka.

Tringa ochropus anafanana naye, na hapa ndipo wengi huanguka. Huyu ni mweusi zaidi mgongoni, madoa yake ni madogo, unyusi unaishia kwenye jicho. Hupenda kuwa peke yake kwenye mtaro au kidimbwi chenye kivuli. Akiruka, chini ya bawa ni kweusi na kiuno ni cheupe pepe. Glareola naye ana kiuno cheupe, lakini chini ya bawa lake ni hafifu. Basi usitazame kiuno, tazama kwapa.

Ukishawamudu hao, ongeza wale wawili warefu. Tringa nebularia ana mdomo mnene uliopinda juu kidogo, na hulia tiu-tiu-tiu mara tatu. Tringa stagnatilis ni mdogo, mwembamba, mdomo kama sindano. Wote wakiruka wana kabari nyeupe inayopanda mgongoni.

Kisha kuna mchokozi, Calidris pugnax. Dume ni mkubwa kuliko jike kwa namna ambayo utadhani ni ndege wawili tofauti. Miguu inaweza kuwa ya machungwa au ya kijani. Kichwa ni kidogo kwa mwili ule, na mgongo una magamba. Ukiona ndege asiyefanana na chochote kitabuni, mfikirie huyo kwanza.

Mgeni_SouthB
Asante sana Mama. Lakini rangi ya miguu nitaionaje kama imejaa tope?

MamaKibisi
Huioni, na ndiyo maana sikuiweka mbele. Tope likikauka, miguu ya manjano inaonekana nyeusi. Subiri ajisafishe: atanyanyua bawa na utaona kwapa bila kumfukuza. Au mpe dakika tano aingie kwenye maji, miguu itaoshwa. Ukishindwa kabisa, andika "Tringa, haijulikani". Hiyo ni rekodi halali. Jina la kubahatisha ndilo linaloharibu.

Mzee_wa_Bata
Nyote mmeruka jambo la bata. Mgeni akienda Oktoba akiwa na picha za madume wenye rangi, hatamwona hata mmoja. Hufika wakiwa na manyoya ya kahawia kama majike, wanabadilisha polepole. Spatula querquedula ndiye mchelewaji, dume hupata ule unyusi mpana mweupe Januari au Februari. Kabla ya hapo mtambue akiruka: sehemu ya mbele ya bawa ni kijivu-buluu iliyopauka. Anas acuta mjue kwa shingo ndefu nyembamba hata akiwa wa kahawia.

Wenyeji ni rahisi, mdomo unatosha. Wa manjano wenye weusi katikati ni Anas undulata. Mwekundu, na kofia nyeusi juu ya mashavu meupe, ni Anas erythrorhyncha. Wa buluu, mwili mdogo, kofia nyeusi, ni Spatula hottentota. Na hao hawabadilishi rangi kwa msimu, kwa hiyo ndio wa kuanzia.

Lenzi_Safi
Kuhusu darubini, 8x42 ni sahihi, usibadilishe kwa 10x. Ile ya kumi inakuza pia mtetemo wa mkono, na eneo inaloonyesha ni jembamba. Ila iweke sawa kwanza. Chagua kibao chenye maandishi kilicho mbali. Funika lenzi ya kulia kwa kiganja, usifumbe jicho, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zikae. Kisha funika ya kushoto, na sasa zungusha ile pete iliyo kwenye jicho la kulia peke yake. Ikumbuke alama ilipo, kwa sababu husogea mfukoni. Ukivaa miwani, teremsha vikombe vya macho.

La pili ni jua. Uwe umeshafika saa moja asubuhi, na usimame upande wa mashariki wa bwawa ili jua liwe mgongoni. Ukisimama magharibi, ndege wote ni vivuli vyeusi na maji yanang'aa usoni. Kuanzia saa nne hivi hewa juu ya tope huanza kuchemka, picha inacheza kama iko nyuma ya moshi wa jiko. Hapo hata teleskopu ya bei ghali haisaidii, kadiri unavyokuza ndivyo inavyocheza. Wageuzie macho walio karibu, au pumzika hadi saa kumi jioni.

Mkipata watu wanne wa kuchanga gari, nendeni Nairobi National Park, bwawa la Athi Basin. Malipo hufanywa kwa mtandao, maliza nyumbani. Hamruhusiwi kushuka garini ila sehemu zilizotengwa. Zimeni injini, gari likitetemeka darubini inatetemeka. Jaza mchele kilo mbili kwenye mfuko wa kitambaa, uweke dirishani, lenzi ilale juu yake. Ni imara kuliko mkono wowote.

Tope_Tupu
Na hesabu. Januari ilichaguliwa kwa sababu ndege wametulia, hawapo safarini, na nchi nyingi huhesabu mwezi huohuo ili mmoja asiandikwe mara mbili. Hapa huandaliwa na Makumbusho ya Taifa, KWS (shirika la serikali la wanyamapori) na chama cha Nature Kenya. Nature Kenya wana matembezi ya Jumatano asubuhi. Kama siku hiyo huna nafasi, waandikie mapema Desemba uulize timu za Nairobi.

Mara ya kwanza omba ukarani, usiombe kuhesabu. Mwenye darubini haondoi jicho, anataja: "undulata, kumi na saba." Wewe unarudia kwa sauti, "undulata, kumi na saba," ndipo unaandika. Usiporudia, 17 na 70 hubadilishana daftarini na hakuna atakayejua.

Ukipewa kuhesabu, gawa bwawa kwa alama zisizohama: mti, nguzo, kona ya tuta. Pita mara moja kwa aina moja, usichanganye. Kundi kubwa, hesabu kumi kwa uhakika, uone wanajaza nafasi gani, kisha weka nafasi hiyo juu ya kundi zima kama anayepima shamba kwa hatua. Vitwitwi wadogo waliobanana huhesabiwa pungufu karibu kila mara, kwa hiyo hao wahesabu mmoja mmoja ukiweza. Kibisi hesabu mara tatu, uchukue idadi ya juu, kwa kuwa wengine wako chini ya maji.

Ukisogea na wakanyanyua vichwa vyote pamoja, simama hapohapo. Wakianza kutembea kuondoka, umeshapita mpaka, rudi hatua kumi uchuchumae. Kipanga akipita na bwawa zima likaruka, usijaribu kuunganisha hesabu ya kabla na ya baada. Chora mstari daftarini, andika saa, wakitua anza upya kutoka kwenye alama ya kwanza.

Mgeni_SouthB
Nimepata. Karura Jumamosi hii na ijayo, kisha Manguo na koti. Barua ya Ruai naiandika leo usiku. Mzee wa Bata, ile kofia nyeusi ya hottentota inashuka hadi chini ya jicho au inaishia juu yake?

Mzee_wa_Bata
Inafika usawa wa jicho, kisha shavu hafifu, halafu kuna doa jeusi kama moshi nyuma ya shavu. Doa hilo erythrorhyncha hana.