Ali, Tyson, Usyk: hawa mnawapima kwa kipimo gani?

DogoWaChuno:
Wakuu habari za jioni. Jana hapa Mtwara kwa muuza pweza watu nusura washikane mashati kisa ngumi. Jamaa mmoja anasema Tyson wa 1986, yule wa miaka 20 aliyemmaliza Berbick raundi ya 2, Ali asingefika naye mbali, mzee mmoja akaweka kikombe chini akasema huyo Tyson wenu si ndo alilazwa Tokyo 1990 na Buster Douglas? Mi nimebaki njia panda. Watu wa enzi tofauti mnawapimaje?

Nachingwea_Moja:
Mnapima kwa kangomba mkuu, kama walanguzi wa korosho, kila mtu na bakuli lake halafu mnagombana nani kajaza. Joe Louis kashika mkanda 1937 mpaka 1949, kautetea mara 25. Marciano kastaafu na 49 hajapoteza hata moja ila alikuwa na kilo 85 hivi, leo wangemwambia nenda kruza, uzito ulio chini ya uzito wa juu. Sasa umuweke na Fury wa siku hizi mwenye kilo mia na ushee? Mi naangalia alimpiga nani wa wakati wake, basi.

Lindi_Mjini:
Kwenye kilo hapo hapana. Usyk si katokea hukohuko kruza, Fury kamzidi urefu kamzidi na uzito kwa zaidi ya kilo 15 na bado kapigwa Mei 2024, Disemba kapigwa tena. Tatizo ni raundi. Zamani 15, sasa 12. Ali na Frazier Manila 1975 kocha wa Frazier alimzuia asitoke raundi ya 15, leo pambano lile lingeshaishia kwa majaji na yale mateso ya mwisho tusingeyaona kabisa.

Babu_Mingoko:
Mie 1974 nipo Masasi, shule ya msingi, habari za pambano la Ali na Foreman kule Kinshasa tulizipata redioni. Foreman kapigana 40 hajapigwa, Ali ana miaka 32, na alishanyang'anywa mkanda 1967 kwa kukataa jeshi, akakaa nje miaka mitatu na nusu. Kaegemea kamba anapokea tu ngumi mpaka mwenzie mikono ikamwishia, raundi ya 8 akamlaza. Baba alimpenda mno, 1980 Ali alipokuja Dar na ujumbe wa Carter, rais wa Marekani, tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu akakataa kumuona, mzee alinuna wiki nzima. Foreman naye karudi kuchukua ubingwa 1994 ana miaka 45! Mie mkubwa ni yule aliyeanguka akarudi. Marciano hakupoteza pambano, sasa nitajuaje angerudi?

DogoWaChuno:
Shikamoo babu. Ila na Tyson alirudi, 1996 kachukua mkanda kwa Bruno, kwa kipimo chako si unampa?

Babu_Mingoko:
Marahaba. Mwaka huohuo Holyfield kampiga, waliporudiana 1997 akamng'ata sikio. Simpi.