Eti tatizo si kompyuta, tatizo ni michezo yetu!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira, herufi zikirukaruka mnisamehe. Jina simtaji. Hana haja ya kutajwa, mnamjua, kila ukoo umejaliwa mmoja: aliwahi kumrekebishia mtu kibodi enzi hizo, tangu siku hiyo hakuna mashine inayopita mbele yake ikabaki haijafomatiwa.

Kompyuta yetu ilikuwa na Windows 10 yake, watoto wanacheza, baba yao anacheza usiku akidhani sijui. Amani tupu. Akaja yeye. Eti Windows 10 muda wake uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali mashine yetu kwa sababu haina TPM 2.0, kijidude cha usalama cha ndani. Sawa, hapo hakudanganya. Dawa yake? Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. "Siku hizi michezo yote inakubali," kifua mbele. Nikamuuliza: yote? Yote!

Akachomeka flashi, akafuta kila kitu. Fortnite ikagoma. Valorant ikagoma. Mtoto wa mwisho kakaa mbele ya skrini, pedi mkononi, machozi yanamlengalenga. Na huyu bwana, kwenye kiti CHANGU, anageuka polepole ananiambia: "Tatizo si mfumo. Tatizo ni michezo mnayocheza."

Michezo. Mnayocheza.

Nyumbani kwangu. Mbele ya watoto wangu. Kwenye kiti changu.

Panya Bila Waya: Nimeshavuta kiti. Mods msiufunge huu uzi.

Mzee wa Fomati: Dada, punguza povu. Jamaa hajakosea sana. Tangu Valve, wenye duka la michezo la Steam, walete daraja lao la Proton mwaka 2018, michezo kibao ya Windows inapiga mzigo kwenye Linux bila shida, hata Steam Deck, mashine yao ya michezo ya mkononi, inaendeshwa hivyo hivyo. Inayogoma zaidi ni ya mtandaoni yenye walinzi wa kukamata wanaocheza kwa hila. Mlinzi wa Valorant anataka kuingia mpaka uvunguni mwa mfumo, na kwenye Linux hawajamtengenezea njia. Fortnite nao wamekataa kuifungulia Linux mlango. Mngeanza kwa kuuliza watoto wanacheza nini, ndipo mchague mfumo.

Mama Wawili (mwenye uzi): NIULIZE MIMI? Aliyeshika flashi nani? Yeye ndiye angeuliza! Badala yake ananiambia "michezo mnayocheza". Yaani bado naisikia ile sauti.

Kidole Enter: Huyo ni shemeji. Nabisha hadi kesho, huyo ni shemeji.

Mama Wawili: Nimesema simtaji.

Kidole Enter: Shemeji huyo.

Tofaa Limeng'atwa: Mngechukua Mac ya Apple tu yakaisha.

Mzee wa Fomati: Mac na michezo wapi na wapi? Valorant huko nako haipo. Mwaka 2019 lilipokuja Catalina, toleo la mfumo wa Mac, programu zote za biti 32, zile za mtindo wa zamani, zikakatwa, michezo ya zamani chungu nzima ikazikwa siku moja. Mac ni ya kutazamia wenzako wakicheza.

Tofaa Limeng'atwa: Wivu huo.

Karani wa Zamu: Dada, Minecraft ile ya Java inakubali kote, Windows, Mac, hata hiyo Linux yenu. Wape hiyo watulie.

Mama Wawili: Mtoto hataki mchezo unaokubali, anataka ule ambao wenzake wamo! Darasa zima liko Fortnite, yeye akajenge nyumba za matofali peke yake? Halafu aambiwe tatizo ni michezo anayocheza?

Mzee wa Fomati: Basi weka mifumo miwili kwenye mashine moja. Windows ya michezo, Linux ya mengine.

Panya Bila Waya: Diski yenyewe iko wapi ya kubeba mifumo miwili?

Bibi Skrini: Nyie mmepita juu ya jambo kubwa. "Baba yao anacheza usiku akidhani sijui." Uzi wenyewe ndio huo. Anacheza nini?

Kidole Enter: Naungana na Bibi. Na yeye alisemaje Valorant ilipogoma?

Mama Wawili: Alikaa kimya mno. Lakini turudi kwenye mada jamani, mtu kakaa kwenye kiti changu akaniambia…

Panya Bila Waya: Dada tumekuelewa, kiti chako. Sasa tuongelee nafasi. Call of Duty peke yake inapita GB 100. Kila mchezo mpya ukiingia kwetu, kuna mtu anafuta cha mwenzake kimyakimya. Mdogo wangu kafuta kazi zangu zote za ofisini. Mfumo ni Windows, halali kabisa, na bado nalia.

Karani wa Zamu: Afadhali kazi za ofisini. Kwetu zilifutwa picha za harusi ili mchezo wa mpira ukae.

Bibi Skrini: Weee! Harusi ya nani?

Karani wa Zamu: Ya huyo huyo aliyefuta.

Bibi Skrini: Fungua uzi wako, tunahamia huko.

Kidole Enter: Mkewe anajua?

Karani wa Zamu: Ndiye aliyechagua timu.