Sonata za Haydn: nifuate namba za nani?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa mnaojua muziki wa kale wa Ulaya.

Napanga orodha ya nota na CD zangu za Joseph Haydn, mtunzi wa Austria wa karne ya 18: sonata za piano, trio na kwarteti za nyuzi. Nilianza na namba za Hoboken (aliyeandaa katalogi ya kazi za Haydn), ambapo XVI ni sonata, XV trio za piano, III kwarteti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nikapata kitabu cha nota chenye namba za Landon, mhariri aliyezipa sonata hizo mpangilio wake. Sonata ileile ya Mi bemoli ya 1794 kwa Hoboken ni XVI:52, kwa Landon ni 62! Kumbe nilishaiingiza mara mbili kama kazi mbili tofauti. Nikajaribu kupanga kwa opus, yaani namba za uchapishaji, ndiyo nikachanganyikiwa kabisa, maana wachapishaji wa enzi hizo kila mmoja alijipangia zake.

Sasa, Hoboken iwe namba kuu na Landon nimpe safu ya pembeni, au kinyume chake? Na zile kwarteti sita za Opus 3, ambazo siku hizi wengi wanasema ni za mtunzi mwingine, Hoffstetter, nizibakishe kwa Haydn au nizihamishe?

Natanguliza shukrani.