Mjadala: Je, hukumu ya nchi mbili inaweza kuwa sheria kwa nchi zote?

Mleta mada: Kifungu cha 59 cha Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kinasema kuwa hukumu inawafunga wahusika wa kesi hiyo peke yao. Hata hivyo, mawakili hunukuu hukumu za zamani kama vile zimetungwa na bunge la dunia. Mfano ni kesi ya Lotus ya mwaka 1927, iliyotokana na meli ya Ufaransa kugongana na meli ya Uturuki katika bahari kuu, Waturuki wanane wakafa, na Uturuki ikamshtaki ofisa Mfaransa. Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, iliyotangulia mahakama ya sasa, iliamua kwamba mipaka ya uhuru wa nchi haidhaniwi tu, bali lazima ithibitishwe, hivyo Uturuki haikukosea kumshtaki ofisa huyo. Nchi nyingine ziliulizwa lini? Tena majaji waligawanyika sita kwa sita, na kura ya uamuzi ya rais wa mahakama ndiyo iliyomaliza shauri.

Mchangiaji wa pili: Hilo la kura silikubali hata kidogo. Hukumu iliyopita kwa kura moja ni hukumu kamili, na anayeidharau anaidharau mahakama nzima. Kanuni ya Lotus kuhusu ajali za meli iliondolewa na nchi zenyewe katika Mkataba wa Bahari Kuu wa mwaka 1958, ambao uliacha mashtaka hayo kwa nchi ya bendera ya meli au nchi ya uraia wa mshtakiwa. Huo ndio utaratibu: asiyeridhika na sheria aende akaandike mkataba.

Mchangiaji wa tatu: Ni rahisi kusema hivyo kwa asiyekuwa Namibia mwaka 1966. Ethiopia na Liberia ziliishtaki Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala Namibia kwa ubaguzi wa rangi, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, majaji wakagawanyika saba kwa saba, na kwa kura ya rais mahakama ikabariki ubaguzi wa rangi. Je, wananchi wale nao wangeandika mkataba?

Mchangiaji wa pili: Tafadhali tusiipotoshe hukumu. Mahakama haikubariki ubaguzi. Ilisema kwamba walalamikaji hawakuwa na haki ya kisheria ya kudai, hivyo haikuugusa ubaguzi wenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa.

Mchangiaji wa tatu: Ni kubwa kwa wanasheria. Mahakama hiyohiyo ilikuwa imekubali mwaka 1962 kwamba ina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, na baada ya miaka minne ya hoja na ushahidi ikawaambia walalamikaji kuwa halikuwahusu. Mlango uliofungwa kwa utaratibu umefungwa vilevile.

Mchangiaji wa nne: Makosa hayo yalirekebishwa. Mwaka 1970, katika kesi ya Barcelona Traction, mahakama ilitamka kwamba kuna wajibu ambao kila nchi inao kwa jumuiya yote ya kimataifa, ukiwamo ule wa kuwalinda watu dhidi ya utumwa na ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata ilitoa maoni ya ushauri kwamba Afrika Kusini imo Namibia kinyume cha sheria. Kwangu mimi, hilo linamjibu mleta mada: kanuni hukomaa hukumu kwa hukumu.

Mchangiaji wa tatu: Nalikubali tamko hilo, lakini linaniuma. Barcelona Traction ilikuwa kesi ya Ubelgiji dhidi ya Hispania kuhusu wanahisa wa kampuni ya umeme. Maneno ambayo Namibia iliyasubiri tangu shauri lifunguliwe mwaka 1960 yalitamkwa mbele ya watu waliokuja kudai hisa zao.