Ngazi ya mradi wa studio haiingii kwenye shimo: nianze kurekebisha wapi kabla ya kwenda ofisini?

PenseliHB

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa nne, usanifu majengo. Mradi wa muhula ni maktaba: chini na ghorofa mbili juu yake. Sakafu hadi sakafu ni mm 3,600, nguzo ziko kila mm 7,200, shimo la ngazi ni mm 2,400 kwa 4,500 kati ya kuta. Ngazi ni ya zege, inageuka mara moja katikati.

Juri (jopo la walimu wanaokosoa miradi) limenipa makosa matatu: ngazi haiingii, dari ya chumba cha kusomea itakuwa chini mno, na mlango wa choo nilioweka chini ya ngazi haupitiki. Baada ya wiki nane naanza mafunzo kwa vitendo, na ofisi imeomba mkusanyo wa kazi zangu. Huu ndio mradi wangu mkubwa.

Naomba hesabu yenyewe, nianze na nini kiishie na nini. Pili, kuna tofauti gani kati ya michoro ya studio na ile inayokwenda saiti?

---

Timazi

Ulianza na shimo ukaja kuibana ngazi ndani yake. Geuza: anza na kimo.

Jengo la umma hupandika vizuri kidato kikiwa na kimo cha mm 150 hadi 170. Gawanya 3,600 kwa 170, unapata 21.2, kwa hiyo vidato 22. Kila kimoja kinakuwa mm 163.6. Usikikadirie kuwa 164 kwenye mchoro halafu ukajumlisha, maana mwishoni utakosa karibu mm 8 na fundi ataziweka kwenye kidato cha mwisho, ambacho watu watajikwaa. Andika "vidato 22 sawa = 3,600".

Kanyagio, yaani kina cha sehemu ya kukanyaga mguu, linafuata hatua ya mtu. Kanuni ya François Blondel wa Ufaransa, ya karne ya 17, bado inatumika: vimo viwili ukijumlisha kanyagio moja upate hatua moja ya kawaida. Siku hizi wengi hulenga mm 600 hadi 640. Kwako: 163.6 mara mbili ni 327, weka kanyagio la 300, jumla 627. Safi.

Sasa kosa ambalo karibu kila mwanafunzi hulifanya. Ngazi yako ina mikono miwili, yaani mipando miwili ya vidato 11 kila mmoja. Mkono wenye vidato 11 una makanyagio 10 tu, kwa sababu kidato cha 11 kinakufikisha kwenye pumziko lenyewe, ile sakafu ndogo ngazi inapogeukia. Kwa hiyo urefu wa mkono ni 10 × 300 = mm 3,000. Pumziko lisiwe jembamba kuliko mkono. Mkono ukiwa 1,200, nalo 1,200. Ongeza 1,200 nyingine upande wa sakafu, mahali mtu anaposimama kabla ya kushuka. Jumla mm 5,400. Upana: mikono miwili ya 1,200 na nafasi ya 200 katikati, mm 2,600. Umepungukiwa mm 900 za urefu na 200 za upana. Hata ukipunguza kanyagio hadi 250 bado unahitaji 4,900, kwa hiyo usihangaike kubana.

Mlango wa choo. Pumziko la katikati liko 11 × 163.6 = mm 1,800 juu ya sakafu. Toa slabu ya 150 na umaliziaji wa 30, chini panabaki 1,620. Kichwa kinahitaji 2,000 kwa uchache. Unaweza kugawa vidato kwa 14 na 8 ili pumziko lipande hadi 2,291, chini pabaki 2,111, lakini mkono wa kwanza unakuwa na makanyagio 13, yaani 3,900, na shimo zima 6,300. Kanuni nyingi za ujenzi pia huweka kikomo cha vidato kwa mkono mmoja, kwa hiyo angalia za kwenu kabla ya kulipenda wazo hilo. Kwa maoni yangu hamisha choo, pale chini paweke stoo ya vifaa vya usafi na upazibe sehemu ya chini kabisa, asije mtu asiyeona akagonga kichwa kwenye mteremko wa zege.

Mawili ya kwenye mchoro wa mkato (jengo likionyeshwa kama limekatwa wima). Unene wa zege la mkono (150 hadi 175 kwa makisio ya kwanza) hupimwa kwa pembe mraba na mteremko, kuanzia kona ya ndani ya kidato. Ukipima 150 wima, kwa mteremko wako wa nyuzi 28.6 unabaki na zege la mm 132 hivi. Na pili, umaliziaji. Tuseme sakafu ina tabaka la saruji na vigae jumla mm 60, na ngazi ina mm 30 tu. Vidato vikishamalizwa viwe sawa, basi kwenye zege tupu havitakuwa sawa: cha kwanza kitakuwa 163.6 + 30 = 193.6, na cha mwisho 163.6 − 30 = 133.6. Anayefunga mbao za zege hufuata vipimo vya zege. Usipovitoa, atafanya vyote 163.6, na baada ya vigae cha chini kitakuwa kifupi kwa mm 30 na cha juu kirefu kwa mm 30.

---

Pimamaji

Nakubaliana na Timazi isipokuwa kwenye zile 5,400. Kama ngazi iko wazi kwenye ukumbi, pumziko la upande wa sakafu linaweza kuwa ukumbi wenyewe, na 3,000 + 1,200 = 4,200 inaingia kwenye 4,500 yako. Ila hiyo ni ngazi ya kupandia kila siku tu. Ngazi ya kutorokea moto hufungwa kwa kuta na milango inayozuia moto, na hapo pumziko lazima liwe ndani, tena bawa la mlango linapofunguka lisile upana wa njia ya watu wanaoshuka kutoka juu. Amua kwanza hii ni ngazi gani. Juri huenda liliuliza hilo kwa maneno mengine.

---

BoritiKumiNaMbili

Dari sasa. Boriti ya zege kwa makisio ya mwanzo: gawanya urefu wake kwa 12. 7,200 ÷ 12 = mm 600, slabu ikiwa ndani ya kimo hicho. Mhandisi wa miundo ataibadilisha, lakini ukimpelekea mchoro wenye boriti ya 300 atakurudishia jengo zima.

Shuka kutoka sakafu ya juu: umaliziaji 60, boriti 600, bomba la hewa pamoja na koti lake 350, nafasi ya dari na taa 100. Jumla 1,110. Katika 3,600 unabaki na 2,490. Kwa ofisi ndogo si mbaya. Kwa chumba cha kusomea chenye upana wa nafasi mbili za nguzo, watu watahisi wamefunikwa.

Dawa ya bei nafuu ni kupitisha bomba kuu kwenye korido, ambako dari ya 2,400 inavumilika, kisha matawi yake yaende sambamba na boriti, yaingie kati ya boriti na boriti badala ya kupita chini yake. Dawa ya pili ni kuinua sakafu hadi 3,900, lakini ujue inagusa ngazi: vidato 24 vya 162.5, mikono ya 12, makanyagio 11, yaani 3,300, na shimo linakuwa 5,700. Ndiyo maana ngazi na dari huchorwa kwenye mkato mmoja, siku moja.

Halafu ni maktaba. Eneo la kusomea hukadiriwa mzigo wa kama kN (kilonewtoni) 3 kwa mita ya mraba. Rafu za vitabu zilizosongamana ni kN 7 na kuendelea. Kama umezipeleka ghorofa ya pili kwa sababu ya mandhari, wapeleke wasomaji kwenye mandhari na vitabu uvishushe chini. Vitabu havitazami nje.

---

RulaPembetatu

Nijibu swali la pili. Mchoro wa studio unashawishi, wa saiti unaagiza. Atakayeushika hana muda wa kukuuliza ulimaanisha nini, na mara nyingi hakuna wa kumuuliza.

Vipimo weka safu tatu nje ya ukuta: ya ndani kabisa madirisha na milango, ya katikati mistari ya nguzo, ya nje jumla. Safu zote tatu zijumlike sawa, na ujumlishe kwa mkono, kwa sababu programu hukadiria desimali na kuzificha. Pima hadi uso wa tofali au zege, si hadi lipu, maana siku ukuta unapojengwa lipu haipo. Mlango wenye bawa la 900 unahitaji tundu la kama 1,000 ukutani. Ukiandika 900 bila kusema ni ya nini, fundi ataacha tundu la 900 na fremu haitaingia. Andika "tundu" au "bawa", basi.

Mistari: kilichokatwa mm 0.5, kinachoonekana nyuma yake 0.25, vigae na mapambo 0.13. Maandishi yawe mm 2.5 kwenye karatasi. Hapa ndipo wengi hunaswa: karatasi ya A1 ikichapwa kwenye A3 kila kitu kinakuwa nusu. Skeli ya 1:100 inageuka 1:200 na maandishi ya 2.5 yanakuwa 1.25, hayasomeki. Kama saiti wanatumia A3, weka maandishi ya 3.5 hadi 5 tangu mwanzo, na chora pembeni mstari wa skeli uliogawanywa kwa mita ili atakayepima kwa rula asidanganyike.

Marekebisho: kila toleo jipya lipewe herufi, tarehe na sentensi moja ya kilichobadilika, na sehemu yenyewe izungushiwe mstari wenye umbo la wingu. "Marekebisho mbalimbali" si maelezo. Mchoro wa zamani ukibaki saiti, utajengwa. Hakikisha umeondolewa au umepigwa mhuri wa kufutwa.

Mkusanyo: kurasa 15 hadi 20, faili lisizidi MB 10, picha za kutazamwa kwenye skrini zisipite dpi (nukta kwa inchi) 150. Mradi huu upe kurasa sita, na angalau moja iwe mkato wa ngazi kwa 1:20 wenye hesabu zake. Picha za kompyuta zenye machweo kila mwombaji anazo. Kazi ya kikundi, taja ulichochora wewe. Na ukishaanza kazi, michoro ya ofisi usiiweke kwenye mkusanyo wako bila ruhusa ya maandishi.

---

PenseliHB

Nashukuru sana wakuu. Nimekaa na mkato: ngazi ni ya kutorokea, kwa hiyo pumziko ndani. Nimeacha 3,600 na kupeleka bomba kuu kwenye korido. Shimo 2,600 kwa 5,400, vidato 11 na 11, choo kimehamia ukuta wa nyuma, rafu zimeshuka chini. Kuna kilichobaki?

---

Pimamaji

Kimoja. Ile 1,200 ya mkono ni kati ya nini na nini? Mshikio ukutani hutokeza mm 80 hivi, na wa upande wa ndani unaweza kula kiasi hichohicho. Kama kanuni za kwenu zinataka 1,200 wazi kati ya mishikio, mkono wako una 1,040. Shimo liwe 2,920 badala ya 2,600, na mapumziko nayo yafuate. Lipu ya kuta zote mbili usiisahau, mm 15 kila upande. Rekebisha hilo kabla hujachora 1:20, la sivyo utaichora mara mbili.